Udevu unaporudi ngozini

Kijana aliyeingia kliniki asubuhi ile alikuwa mlinzi wa lango. Kila alfajiri, kabla ya kwenda zamu, hunyoa ndevu kwa wembe mpaka kidevu king'ae, maana kazini kwake mwenye ndevu hurudishwa nyumbani. Chini ya taya, kuelekea kooni, ngozi ilikuwa imejaa vipele vigumu kama punje za mtama. Vingine vilikuwa na usaha, na palipopona pamebaki madoa meusi. Alishameza antibayotiki mara tatu, akapaka spiriti, akapaka ndimu. "Daktari," akaniuliza kwa sauti ya chini, "damu yangu ni chafu?"

Damu yake haikuwa na kosa lolote. Nilimlaza chini ya taa, nikachukua lenzi ya kukuzia, nikakitazama kipele kimoja. Katikati yake kulikuwa na udevu mmoja uliojikunja kama kitanzi: shina linatoka ngozini, ncha imezama humohumo. Nikapitisha sindano safi chini ya kitanzi, nikakiinua taratibu. Udevu ukafyatuka, ukasimama wima. Nikampa kioo ajionee.

Sisi wenye nywele za kipilipili, kinyweleo chenyewe, yaani kile kishimo ambamo unywele huota, kimepinda chini ya ngozi. Udevu hutoka ukiwa umelala, na ukiachwa urefuke hujisokota juu juu bila kumdhuru mtu. Wembe ndio unaoubadilisha. Ukikatwa, hasa kwa mshazari, ncha huwa kali kama mkuki, na baada ya siku chache hupinda na kuchoma ngozi milimita moja au mbili kutoka pale ulipotokea. Mwili haujui kwamba huo ni udevu wake. Huushughulikia kama mwiba: huvimba, huwasha, hutunga usaha.

Iko njia ya pili, nayo inawapata zaidi wanaopenda kunyoa laini sana. Nyembe za siku hizi zenye makali mawili au matatu huuvuta udevu kwanza, kisha huukata. Ukiachiwa, hurudi ndani, ukawa mfupi kuliko uso wa ngozi, na ncha yake ikatoboa ukuta wa kinyweleo kabla hata haijaona mwanga. Ndiyo maana yule anayerudia wembe mara tatu ili ajipapase na kukuta laini kabisa, ndiye anayeamka na vipele vingi zaidi.

Kitaalamu hali hii huitwa sudofolikulitisi, jina linalosema kwamba huu si uambukizo halisi wa kinyweleo. Bakteria huweza kuja baadaye, kidonda kikishafunguka, lakini si wao walioanzisha. Antibayotiki zile tatu hazikuwa na adui wa kupigana naye. Katika jeshi la Marekani, ambako kunyoa ni amri, askari weusi wamesumbuliwa na vipele hivi kwa miongo mingi, na madaktari wamekuwa wakiwaandikia vibali vya kutonyoa. Mwaka 2004 watafiti walieleza pia badiliko dogo la jeni ya keratini, ile protini inayojenga unywele, linaloongeza uwezekano wa kuvipata. Kwa hiyo ndugu wawili wanaotumia wembe wa aina moja wanaweza kutofautiana kabisa.

Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa wiki 4 hivi. Nawaonya wagonjwa mapema: siku za mwanzo hali huweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndevu zilizokwisha kukatwa zinaendelea kuchoma. Vumilia. Zikikaribia sentimita moja, nyingi hujifyatua zenyewe. Wakati huo kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Udevu unaoonekana umejikunja, inua ncha yake tu. Usiung'oe, kwani utaota upya ndani na kutoboa tena.

Baadaye tumia mashine, uache milimita moja. Asiye na budi kutumia wembe atumie wenye kali moja, baada ya kuoga, kwa povu, akifuata ndevu zinakoelekea, bila kuvuta ngozi. Wanawake wanaonyoa kinena nao hupata vipele hivihivi, na ushauri ni huohuo.

Kinachonitia hofu kuliko vipele vyenyewe ni krimu. Kijana wangu alikuwa nayo mfukoni, aliuziwa dukani bila kuulizwa lolote. Nikasoma maandishi madogo ubavuni: klobetasoli, steroidi kali mno kwa uso. Siku tatu za kwanza vipele hunywea na mtu hufurahi. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, chunusi mpya huzuka, na akiiacha, uso huwaka moto. Haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa siku chache na kwa ushauri wa daktari, ni jambo tofauti kabisa.

Na ukiona vipele vigumu kisogoni, pale kinyozi anapochonga mstari wa nyuma kwa wembe, usingoje. Hivyo huweza kuungana vikawa kovu nene lililovimba, lisiloota nywele tena. Mwambie kinyozi aishie kwenye mashine, nawe uwahi kliniki.

Nilimwandikia mlinzi barua ya kumpelekea mkuu wake, nikieleza milimita moja ni kiasi gani na kwa nini anaihitaji. Alirudi baada ya wiki 5 akijipapasa taya. Mkuu, alisema, alisoma barua mara mbili, akamsogelea uso, akamwambia asizidishe hapo. Vipele vilikuwa vimebaki vinne. Madoa bado yalikuwepo, na nilimweleza kwamba hayo yatachukua miezi.