Pasheni pori: Jirani wa shamba anayeweza kumtia mkulima hasara

MKULIMA wa ukanda wa pwani anapofyeka ukingo wa shamba lake, mara nyingi hukutana na mmea unaotambaa, wenye majani ya ncha tatu na vinyweleo vinavyonata. Ukiusugua mkononi hutoa harufu mbaya. Watoto wanaochunga mbuzi wanaujua kwa sababu nyingine: tunda lake dogo likiiva na kuwa la njano au rangi ya chungwa, huwa tamu.

Huo ni pasheni pori, ambao kitaalamu huitwa Passiflora foetida. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ni "yenye kunuka". Aliyeuorodhesha kwa jina hilo mwaka 1753 ni mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus.

Asili ya mmea huu si Afrika. Ulitoka nchi za joto za Amerika na visiwa vya Karibi, na leo umeenea Afrika, Asia na Australia. Ndege hula tunda na kuangusha mbegu mbali, ndiyo maana huota kwenye nyua, kando ya barabara na katika viwanja vilivyoachwa bila kupandwa na mtu.

Ua na tunda lake huzungukwa na vijani vitatu vilivyochanika kama wavu wa nyuzi. Ncha za nyuzi hizo hutoa utomvu unaonasa wadudu wadogo hadi wakafa. Watafiti wamekuta ndani yake vimeng'enya vinavyoweza kuyeyusha protini, lakini faida iliyo wazi zaidi ni kwamba wavu huo hulinda ua na tunda visiliwe.

Mmea huo una kinga nyingine pia. Majani na matunda mabichi yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo watoto waonywe wasile tunda ambalo halijaiva, na mifugo isiachwe ikashiba majani yake.

Kwa mkulima wa pasheni ya biashara, ambayo wengine huiita karakara, hatari kubwa iko kwingine. Pasheni pori ni ndugu wa zao lake, na mimea ya ukoo mmoja huambukizana magonjwa.

Ugonjwa unaotia hofu zaidi ni ule wa virusi unaofanya matunda yawe madogo, magumu na yenye umbo baya, huku majani yakiwa na mabaka. Tunda la namna hiyo lina ganda nene na maji kidogo, na mnunuzi hulikataa. Virusi hivyo vinaweza kujificha katika pasheni pori, kisha vidukari wakavihamishia shambani.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mkulima akiona ugonjwa hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya wadudu. Lakini kidukari huhitaji muda mfupi sana wa kuchoma jani ili kuambukiza, hivyo mara nyingi huwa amekwisha kuacha virusi kabla dawa haijamuua. Mmea ukishaambukizwa hauna tiba. Dawa hiyo hiyo huua pia bunzi, nyuki wakubwa weusi wanaochavusha maua ya pasheni.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 2, ekari moja huchukua miche ipatayo 670. Mkulima hugharamia miche hiyo, nguzo, waya na palizi kwa miezi mingi kabla ya kuvuna tunda la kwanza. Kibarua cha siku chache cha kung'oa pasheni pori kabla ya kupanda ni gharama ndogo ukilinganisha na kupoteza mtaji wote huo.

Pasheni pori ing'olewe na mizizi yake kabla haijazaa, ndani ya shamba na pembezoni. Kunde pia zisipandwe kati ya mistari, kwa kuwa baadhi ya virusi hivyo huishi ndani yake. Kisu cha kupogolea kisafishwe kila kinapotoka kwenye mmea unaotiliwa shaka, na mmea wenye dalili uondolewe mapema.

Si kila ndugu wa pasheni ni adui. Pasheni ya njano huvumilia mnyauko fuzari, ugonjwa wa udongoni unaoua pasheni ya zambarau. Ndiyo maana wazalishaji wa miche hubebesha kikonyo cha zambarau juu ya shina la njano. Anayenunua miche hiyo aulize kwanza vikonyo vilikatwa wapi, kwa sababu kikonyo kutoka mmea mgonjwa huingiza virusi shambani siku ile ile ya kupanda.