NAMBA YA TATU KATIKA MFUKO WA MBOLEA YA MIWA

Katika maduka ya pembejeo yanayolizunguka Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, mifuko ya mbolea hutofautiana kwa bei na kwa majina. Katibu wa chama cha wakulima wa miwa anayetumwa kununua huko hana budi kutazama kwanza namba tatu zilizoandikwa juu ya mfuko. Ya kwanza huonyesha naitrojeni, ya pili fosforasi, na ya tatu potasiamu. Wanachama wengi huijali ile ya kwanza, kwa kuwa huyafanya majani kuwa ya kijani mbele ya macho yao. Lakini miwa haiuzwi kwa majani.

Katika Bonde la Kilombero, malipo ya mkulima hutegemea uzito wa miwa pamoja na kiwango cha sukari kilichopimwa ndani yake. Sukari hiyo hutengenezwa katika majani, kisha husafirishwa na kuwekwa akiba katika shina. Potasiamu ndiyo isaidiayo safari hiyo, na ndiyo iongozayo vitundu vya majani kufunguka na kufunga, ili mmea usipoteze maji ovyo wakati wa ukame. Ikipungua, kingo za majani ya zamani hugeuka manjano na kukauka kama zilizoungua, na shina huwa jembamba. Naitrojeni nayo ikizidi, miwa huendelea kuota badala ya kukomaa, na sukari hupungua.

Hata hivyo, kuzidisha potasiamu si dawa. Ile iliyozidi huingia katika maji ya miwa, na kiwandani huzuia sehemu ya sukari isigande kuwa chembe. Sehemu hiyo hubaki katika molasi. Huko Ulaya, ambako sukari hupatikana katika kiazi sukari, viwanda hupima potasiamu, sodiamu na naitrojeni iliyomo ndani ya kiazi ili kukadiria sukari itakayopotea. Zao ni jingine, lakini kanuni ni ile ile.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme udongo umepimwa, na ushauri ni kilo 60 za potashi kwa hekta, kwa kipimo kile kile kinachoandikwa mifukoni. Mfuko wa kilo 50 wa MOP wenye namba 0-0-60 una kilo 30. Mifuko miwili yatosha. Mfuko wa 17-17-17 una kilo 8.5 tu, itahitajika yapata mifuko saba, nayo italeta naitrojeni na fosforasi ambazo huenda shamba halizihitaji. Urea, yenye 46-0-0, haina potashi hata kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya Kariakoo, chama kichukue sampuli za udongo na kuzipeleka kupimwa, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Katibu anunue mifuko iliyofungwa vizuri, adai stakabadhi, na aandike namba zote tatu katika daftari la ghala. Baada ya mavuno, kiwango cha sukari kisomwe mbele ya mkutano wa wanachama na kulinganishwa na cha msimu uliotangulia. Ndipo wanachama watakapojua kama fedha yao ilinunua sukari au ilinunua majani.