Rutuba ya Usukuma yashushwa Mabatini bila bei

Lori la tani 10 za mahindi linaloingia Mwanza kwa barabara ya Musoma na kushusha Mabatini huhesabiwa kwa magunia, nauli, ushuru na ujira wa makuli. Ndani yake imo bidhaa isiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote: rutuba ya shamba lililotoa mahindi hayo.

Hesabu si ngumu. Kila tani ya punje huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, hivyo lori zima ni kilo 150. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Kurudisha kilichoondoka kunahitaji mifuko 6 na nusu, bila kugusa fosforasi wala mbolea itakayochukuliwa na mvua. Kwa bei ya shilingi 70,000 kwa mfuko, iliyowekwa ruzuku iliporejeshwa mwaka 2022, hizo ni shilingi 455,000. Mnunuzi hailipii hata senti moja. Yeye analipia gunia.

Nani basi anabeba gharama hiyo? Ni udongo, na wa Usukuma hauna akiba kubwa. Karibu na vilima vya mawe uko luseni, mchanga mwepesi kulima lakini usioshika maji wala virutubisho. Humo ndimo hupandwa viazi vitamu kwenye matuta, vile vinavyokaushwa kuwa michembe na matobolwa. Chini bondeni iko mbuga nyeusi, yenye kupasuka kiangazi na kunata masika, ambako mpunga hulimwa katika majaruba. Jaruba huzuia maji yatokayo mlimani pamoja na tope lake, kwa hiyo sehemu ya faida ya mwenye mpunga ni hasara ya jirani yake wa juu. Jirani huyo shamba likimchokea huhamia kwenye mihogo, ambayo huvumilia udongo maskini na kuzidi kuukamua.

Dawa inajulikana, na haiko mbali. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, wakulima tangu zamani wamefuga ng'ombe zizini, wakawakatia majani na kubeba samadi hadi shambani. Marejea nayo ilipandwa ndani ya uwele, kisha ikafukiwa kuwa mbolea. Ardhi ndogo ililisha watu wengi mwaka hadi mwaka.

Lakini Wakara waliohamia bara, walikokuta ardhi tele, wengi waliiacha kazi hiyo. Si uvivu, ni biashara: jasho la kubeba samadi hulipa pale tu ambapo hakuna shamba jingine la kuhamia. Viunga vya Mwanza vinavyojaa nyumba hadi Kisesa na Buhongwa vinakaribia hali hiyo, ila huku mkulima hushindana na mnunuzi wa kiwanja, ambaye rutuba haimhusu.

Kilicholiwa mjini nacho hakirudi. Taka na maji machafu ya mitaa ya bonde la Mirongo huteremka na mto huo hadi Ziwa Victoria, ambako virutubisho hivyo hivyo hulisha gugumaji, mmea uliowatesa wavuvi na wenye vyombo katika miaka ya 1990. Lori, likigeuza kurudi Magu, hupakia saruji, mabati na sabuni.