Pale Mkono Usipofika: Matengenezo ya Injini Katika Mashua Kuukuu
Injini ya gari ikizimika barabarani, dereva hushuka, akafungua boneti, akasimama kando kungoja msaada. Injini ya mashua ikizimika katikati ya Ziwa Victoria, hapana mahali pa kushuka. Mashua iliyokuwa ikiyakabili mawimbi kwa omo huanza kugeuka polepole, ikayapa ubavu wake, na maji yaliyokuwa yakipita pembeni sasa huruka na kuingia ndani. Askari polisi wa majini, mwanajeshi aendaye kwenye kituo chake kisiwani, na mama aelekeaye Ssese pamoja na watoto wake, wote huziweka roho zao katika mtambo ambao hawauoni, kwani umefichwa chini ya sakafu wanayoikanyaga.

Wasomaji wengi wa Uganda hawajasahau jioni ile ya mwezi wa Novemba 2018, wakati chombo cha starehe kilipopinduka karibu na ufuko wa Mutima, katika wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Polisi, wanajeshi na wavuvi waliingia majini gizani kuwaokoa waliosalia. Katika sababu zilizotajwa na maofisa, kando ya wingi wa abiria, ulikuwamo ubovu wa chombo chenyewe. Ubovu wa namna hiyo hauji kwa siku moja. Hukaa mahali ambapo jicho halioni na mkono haufiki, ukingoja upepo.

Zamani mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Mashua ya mvuke iliyoonekana katika filamu The African Queen ya mwaka 1951 iliundwa Uingereza mwaka 1912, na ilifanya kazi miaka mingi katika Ziwa Albert na Mto Nile kabla ya kuwa mashuhuri. Mtambo wake ulisimama waziwazi katikati, na mtu aliweza kuuzunguka pande zote. Lakini mashua zilizokuja baadaye zikiwa na injini ya dizeli au petroli ndani yake zilijengwa kwa mawazo mengine. Injini ilitakiwa ikae chini kabisa, karibu na mkuku, ili uzito uituliza mashua na shafti ielekee vyema kwenye rafadha. Mara nyingi injini ilishushwa kwanza, ndipo sitaha na chumba cha abiria vikajengwa juu yake. Aliyeunda hakufikiria sana yule atakayeingia humo baada ya miaka 30 akiwa na spana mkononi. Tena, katika miaka hiyo yote, kila mwenye mashua aliongeza kitu chake: huyu betri ya pili, yule tangi kubwa zaidi, mwingine injini mpya iliyo nene kuliko ile ya kwanza. Hatimaye fundi hujikuta akiingia kwa kilango kinachopitisha mabega kwa shida, akilala kifudifudi juu ya mataruma, na kuifanya kazi kwa kupapasa kama mtu atafutaye shilingi gizani.

Kwa hiyo kila injini ya mashua kuukuu ina pande mbili. Upande ulio karibu na kilango hung'aa. Umefutwa, umepakwa rangi, na kijiti cha kupimia oili hutolewa kila asubuhi. Upande wa pili, ule unaotazama ubavu wa mashua, una kutu, una vibano vya mipira ya maji vilivyolika, na pengine una pampu ambayo haijafunguliwa tangu siku ilipofungwa. Fundi mvivu huusifia upande wa kwanza. Fundi wa kweli huanza na wa pili.

Na kuanza huko si kwa kufungua injini, bali kwa kufungua njia. Yafaa nusu ya siku itumike kuondoa mbao za sakafu, ngazi, hata betri, mpaka mtu aweze kuufikia upande wa nyuma bila kujikunja. Wakubwa wengine hulalamika kwamba muda huo umepotea bure. Hoja hiyo haina nguvu. Kazi ya dakika 10 ikihitaji kuvunja kidole, itaahirishwa leo, itaahirishwa kesho, na siku itakapofanywa itakuwa ziwani. Ndiyo maana mafundi wenye akili hubadilisha mpangilio palipo na nafasi: huunga mipira mirefu na kulihamishia chujio la oili karibu na kilango, huacha mpira wa kudumu kwenye tundu la kumwagia oili, na hupaka ngama rangi nyeupe, ili tone la mafuta lionekane siku lile lile linapodondoka.

Kabla ya mtu kuingiza kichwa humo, hapana budi aifikirie hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hushuka na kutuama katika ngama, na cheche moja ya stata yatosha kuirusha mashua. Kwa sababu hiyo mashua za petroli zenye feni ya kutolea mvuke huwashwa feni hiyo kwa muda usiopungua dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na pua ya mtu huthibitisha kazi ya feni. Betri inayochajiwa, kwa upande wake, hutoa gesi ya haidrojeni ambayo ni nyepesi na hupanda kukaa chini ya sitaha. Basi hatari moja iko miguuni na nyingine iko kichwani. Sigara, mshumaa na taa ya chemli visisogee hapo kabisa.

Lakini adui aliye kimya kuliko wote ni moshi wa injini inayotembea. Ndani yake mna monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya kwenye mwanya mdogo wa bomba la moshi. Fundi huanza kuumwa kichwa, akadhani ni joto. Kisha hulegea, akashindwa kupanda. Asiingie mtu peke yake. Mwenzake na akae juu ya kilango, akisema naye mara kwa mara. Na huyo wa juu akimwona mwenziwe amelala bila kujibu, asijitupe ndani kwa huruma, maana watakuwa wawili. Aizime injini, afungue kila palipo na mlango, apige kelele kuita watu, ndipo wamvute nje.

Lipo pia jambo la ufunguo. Mtu akiwa amejikunja kati ya mkanda wa feni na ubavu wa mashua, hana njia ya kukimbia iwapo mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, atajaribu kuwasha. Ufunguo wa injini hukaa mfukoni mwa aliye chini. Betri nayo hufunguliwa, ukianza na waya wa hasi, na pete na saa ya chuma huachwa nyumbani. Spana au pete ikiziunganisha ncha mbili za betri huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi, na kidole kilichomo hakina pa kwenda.

Vifaa huhesabiwa. Askari ajuaye kufungua bunduki yake gizani na kuirudisha bila kupoteza sehemu ataielewa haraka sheria hii. Kila spana hufungwa kamba, na kamba hufungwa mkononi; kioo kidogo kwenye kijiti huonyesha nati iliyo nyuma; sumaku yenye uzi huokoa bolti iliyoanguka. Siku hizi hata simu ya mkononi husaidia, kwani hupelekwa pale ambapo kichwa hakipiti, ikaleta picha. Matambara nayo huhesabiwa, maana tambara moja lililosahauliwa huinyonga pampu ya ngama wakati maji yanapoingia. Katika filamu ile iliyotajwa, mwendesha mashua huupiga mateke mtambo wake kila unapokwama, na sababu yake ni bisibisi iliyoangushwa ndani na msaidizi, ambayo yeye hajaitoa. Watazamaji hucheka. Fundi wa gatini huenda asicheke sana.

Tukija kwenye kazi zenyewe, oili ndiyo rahisi kueleza. Chini ya injini ya mashua hamna nafasi ya kuweka karai, hivyo injini hupashwa moto kidogo ili oili iwe nyepesi, ikazimwa, kisha oili ikavutwa kwa pampu ndogo kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Chujio la oili, ambalo aghalabu limelala ubavu, huvikwa mfuko mzito kabla ya kulegezwa, na yale yamwagikayo hubaki mfukoni.

Dizeli inataka subira zaidi. Maji hujikusanya chini ya chujio na lazima yatolewe, hasa tangi likikaa nusu tupu siku nyingi. Chujio likibadilishwa, hewa huingia katika mabomba, na injini ya dizeli yenye hewa katika mabomba yake haiwaki hata ikibembelezwa. Hapo fundi hulegeza parafujo ya juu ya chujio, akasukuma kwa kidole mkono mdogo wa pampu ya dizeli, mpaka povu likome na mafuta yatoke safi, kisha akakaza. Mkono huo mdogo, kwa bahati mbaya, takriban kila mara uko upande wa pili.

Maji ya kupozea ndiyo yanayoziua injini nyingi za ziwani. Pampu yake ina gurudumu dogo la mpira lenye mabawa laini, liitwalo impela. Likizunguka bila maji, mabawa hukatika kwa muda mfupi sana, na vipande vyake husukumwa mbele kuziba mtambo wa kupozea. Tangu gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na likatanda sana katika miaka ya 1990, kila nahodha ajua jinsi mizizi yake inavyojaza kichujio cha maji. Kabla ya kukifungua kichujio hicho hufungwa kwanza bilula iingizayo maji ya ziwa, la sivyo mashua itazama ikiwa imefungwa gatini, mbele ya macho ya watu. Nayo bilula ikisahauliwa imefungwa, injini itaungua. Dawa ya mafundi ni nyepesi: ufunguo wa injini huondolewa mfukoni na kutundikwa juu ya bilula iliyofungwa. Atakaye kuwasha hana budi aende pale kuuchukua.

Jioni fundi hurudi nyumbani na harufu yake. Nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto. Ziloweshwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto. Mikono isisuguliwe kwa petroli kama wafanyavyo wengi, kwani hukausha ngozi na kuingia mwilini. Mafuta kidogo ya kupikia na sukari husugua vizuri, kisha sabuni. Oili chakavu irudi katika dumu lenye kifuniko, wala isimwagwe ziwani, maana maji hayo hayo ndiyo yachotwayo asubuhi kupikia uji.

Kesho yake, kabla abiria hawajapanda, mashua hujaribiwa ikiwa bado imefungwa kwa kamba. Vifaa vimehesabiwa na kutimia. Fundi huifungua bilula, akauchukua ufunguo uliotundikwa hapo, akampa nahodha mkononi. Injini huwashwa, na mwenzake huinama nyuma ya tezi kutazama bomba la moshi, akisubiri maji yatoke. Yakitoka kwa nguvu na bila kukatika, humpungia mkono. Ndipo fundi hushuka mara moja tena na tochi yake, kuutazama ule upande wa pili injini ikitembea, na mwenzake huja kukaa juu ya kilango.