Kasi ya Kupura: Kwa Nini Maharage Hayavumilii Mwendo wa Mahindi

Katika Mpale na vijiji vingine vya Korogwe na Handeni, mahindi na maharage aghalabu huota katika shamba moja. Shambani mazao haya mawili hupatana. Ndani ya mashine ya kupura hayapatani hata kidogo.

Mashine hiyo, iwe ndogo ya kupukuchulia mahindi au kombaini nzima, ina kiungo kimoja kikuu: silinda ya chuma izungukayo karibu na chekeche lililopinda. Muundo huo ulibuniwa na Andrew Meikle wa Scotland mwaka 1786, na haujabadilika sana tangu hapo. Zao hupigwa na kusuguliwa kati ya silinda na chekeche, punje zikabanduka. Swali ni moja tu: lipigwe kwa nguvu kiasi gani?

Jambo la kupimwa ni kasi ya ukingo wa silinda, kwa maana ukingo ndio ugusao punje. Tuchukue silinda yenye kipenyo cha sentimeta 50. Kila mzunguko mmoja, ukingo wake husafiri meta 1.57. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, kasi ya ukingo ni kama meta 26 kwa sekunde, nayo huifaa ngano. Mizunguko 600 hutoa karibu meta 16, kiasi kinachofaa mahindi. Maharage huhitaji mizunguko kama 350 tu, yaani meta 9 hivi. Mwanafunzi asidhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Hivyo pigo la kasi ya ngano lina nishati zaidi ya mara nane ya lile lifaalo maharage.

Tena umbo la haragwe lenyewe ni dhaifu. Ni kotiledoni mbili zilizofunikwa kwa ganda jembamba, na kiinitete kidogo kimelala ukingoni, mahali pa kupigwa kwa urahisi. Mbegu iliyopasuka huonekana, ikatupwa chunguni. Hatari zaidi ni ile iliyoumia kwa ndani: hupandwa, huchipua, lakini mche hutokea na kotiledoni zake bila ncha ya kukulia. Mkulima wa Mpale awekaye mbegu yake mwenyewe kwa msimu ujao huenda akalaumu mvua, ilhali kosa lilitendeka siku ya kupura. Ukavu nao huzidisha hasara, kwani haragwe lililokauka mno huvunjika kama kigae.

Wahandisi wa Marekani walilitambua tatizo hili zamani. Mwaka 1935 kampuni ya Allis-Chalmers ilianza kuuza kombaini ndogo ya kukokotwa na trekta, iliyoitwa All-Crop, maana yake "mazao yote". Vyuma vya silinda yake vilivikwa mpira ili kupunguza ukali wa pigo, na kasi yake iliweza kubadilishwa kufuata zao.

Kwa mashine isiyo na kifaa hicho, dawa ni kubadilisha puli. Ikiwa injini huzunguka mara 1,500 kwa dakika na puli yake ina kipenyo cha sentimeta 10, puli ya silinda yenye sentimeta 25 itatoa mizunguko 600. Ya sentimeta 43 itatoa karibu 350. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa kidato cha pili. Kinachoshinda ni desturi: mwenye mashine hulipwa kwa gunia, na dakika za kufungua mkanda huziona kuwa fedha inayopotea. Kupunguza mwendo wa injini tu hakutoshi kila mara, maana feni ya kupepetea, ikiwa yaendeshwa na injini hiyo hiyo, nayo hupunguza upepo, na makapi hubaki katika nafaka.

Fundi mwangalifu huanza na kasi ndogo, na chekeche likiwa mbali na silinda. Hutazama kwanza maganda yatokayo nyuma: yakiwa bado yana punje, husogeza chekeche karibu kabla ya kuongeza kasi. Kisha hutazama punje zenyewe. Zikianza kupasuka, hurudi nyuma hatua moja. Baada ya hapo mkulima huhesabu mbegu 100, huzikunja katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba hivi huhesabu zilizochipua zikiwa kamili, zenye mzizi na ncha ya kukulia.