Wodi au Ramani

Daktari kijana wa Tanzania husoma miaka mitano, kisha hutumikia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Akishapata leseni na kuzoea kazi wilayani, swali linalomsubiri ni moja: akasome nini tena? Wapo wanaojaza fomu ya ubingwa, ile MMed, tuseme ya upasuaji, na kujifunga kwa miaka mitatu au zaidi ya zamu za usiku. Wapo wanaochukua MPH, uzamili wa afya ya jamii, ambao huweza kumalizika kwa mwaka mmoja.

Muda ni tofauti ndogo kuliko zote. Bingwa wa upasuaji humjua mgonjwa wake kwa jina, na mara nyingi kabla jua halijazama ameshajua kama mkono wake umefaulu. Mgonjwa wa mtu wa afya ya jamii ni kata nzima. Kazi yake ikifanikiwa hapati wa kumshukuru, kwa kuwa mtoto aliyeepushwa na surua hajui kilichompita. Heshima nayo hailingani: neno bingwa kila mtu mtaani analielewa, ilhali mwenye MPH hulazimika kueleza kazi yake hata kwa mama yake mzazi.

Denis Burkitt hakuijaza ile fomu ya pili. Alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1911, akaanza na uhandisi chuoni Dublin kabla ya kuhamia udaktari, akafuzu upasuaji na hatimaye akaja kufanya kazi Uganda. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita akamtazame mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Haikupita muda, akiwa hospitalini Jinja, Burkitt akatupa jicho dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile.

Mtu angeweza kuishia kwenye kukata. Lakini kisu hakikufua dafu kwa uvimbe huo, na watoto walikufa. Burkitt akaanza kuuliza swali lisilo la thieta: ugonjwa huu uko wapi, na haupo wapi? Akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali mbalimbali barani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu wakaelekea kusini, safari ya wiki 10 na kilomita zipatazo 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Ramani ikajichora: uvimbe ulikuwa mwingi penye joto na mvua, ukapotea kwenye nyanda za juu zenye baridi. Baadaye malaria ilihusishwa nao. Na mwaka 1964, katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Kampala, watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ambavyo leo vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Wapo wanaomtumia Burkitt kuthibitisha kwamba vyeti si kitu. Hilo ni kumsoma vibaya. Asingekaa wodini miaka, yule mtoto wa dirishani angekuwa mtoto tu aliyevimba uso. Kwake swali la ramani lilizaliwa kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo linalostahili kupimwa kabla ya kujaza fomu ni ipi itangulie, wodi au ramani.

Hata hivyo isifanywe sheria. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani tangu 2017, si daktari wa tiba kabisa. Alianza na biolojia Asmara na kupata uzamivu wa afya ya jamii Nottingham. Anayejua mapema kwamba damu inamchosha na majedwali yanamkeshesha hana sababu ya kupoteza miaka thieta.

Kwa anayesita, mambo ya kawaida ndiyo huamua: nani atalipa ada, na mshahara utaendelea? Tangu 1999, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kimefungua njia ya kusomea upasuaji ndani ya hospitali zilizoidhinishwa, mtu akiwa kazini, kwa takriban miaka mitano. MPH nayo husomwa Muhimbili kwa utaratibu wa watu walioajiriwa, na daktari mwenye miaka arobaini na kitu anaweza kuiongeza juu ya ubingwa wake. Kwenda kinyume, kutoka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya hadi kujifunza kushona utumbo saa nane za usiku ukiwa na watoto watatu shuleni, kunawezekana, ila wanaothubutu ni wachache.