Majina ya Ugonjwa na Udhibiti Wake: Mnyauko wa Migomba katika Kibondo na Kasulu

1.0 Utangulizi

Suala la kudhibiti magonjwa ya bakteria bila viuavijasumu limejadiliwa sana katika ufugaji wa kambamiti, ambako hupendekezwa vifaranga wasio na maambukizi, maji safi na bakteria rafiki, ili vimelea visijenge usugu dhidi ya dawa. Makala haya yanalitazama suala hilo mbali na pwani, katika migomba ya nyanda za juu za Kigoma, hususan Kibondo na Kasulu. Tunadai kuwa sehemu ya tatizo ni ya kiistilahi.

2.0 Majina na Dalili

Ugonjwa unaohusika husababishwa na bakteria wa jenasi ya Xanthomonas. Ulielezwa kitaalamu kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukaripotiwa Uganda mwaka 2001, Kagera mwaka 2006, na baadaye mkoani Kigoma. Kwa Kiswahili huitwa mnyauko au unyanjano. Jina la kwanza limetokana na kitenzi nyauka. La pili lahusu rangi ya majani. Yote mawili yataja dalili. Hakuna litajalo njia ya maambukizi. Kumbe bakteria hawa huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na wadudu watembeleao ua dume, na machipukizi yahamishwayo kutoka shamba hadi shamba. Mkulima angojaye kuona unjano huenda panga lake limekwisha kupita katika migomba mingi.

3.0 Utata wa Neno Dawa

Neno dawa, lenye asili ya Kiarabu, lina uwanda mpana wa maana: dawa ya homa hutibu, dawa ya mbu huua, dawa ya viatu hung'arisha. Hivyo, jibu kwamba unyanjano hauna dawa huweza kufasiriwa kuwa hakuna la kufanya. Ni kweli kwamba hakuna kemikali iponyayo mgomba ulioambukizwa. Hata hivyo, udhibiti upo. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara mkungu umalizapo kutoa vichane; panga huchomwa motoni au kusafishwa kwa maji yenye klorini kabla ya kugusa mgomba mwingine; shina lenye dalili hukatwa usawa wa ardhi; na machipukizi huchukuliwa katika shamba lisilo na ugonjwa tu.

4.0 Hitimisho

Tumeona kuwa hatua zote hizo ni kinga, wala si tiba. Tunapendekeza, basi, kwamba waandishi wa vijitabu vya kilimo watenganishe istilahi hizi tatu: tiba, kinga na udhibiti. Badala ya kuandika kuwa ugonjwa hauna dawa, iandikwe kuwa hauna tiba bali una kinga, na kinga yenyewe itajwe papo hapo. Kwa kaya ambayo chakula chake ni ndizi, tofauti hiyo si ya kamusi tu.